Uliza Ujibiwe: Ngoma, Nyimbo na Watoto Wakimbizi

Tangu tulipochapisha barua ya mama mmoja wa Kampala kuhusu watoto waliohamia mtaani kwao kutoka Bukavu, tumepokea barua nyingi za walimu, wazazi na vijana wa kujitolea wanaoishi katika makazi ya wakimbizi ya kusini-magharibi mwa Uganda na yale yaliyo karibu na Ziwa Albert. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtu mzima afanyeje ili mtoto aliyekimbia vita amkubali, ikiwa lugha zao hazikutani na mtoto mwenyewe hataki kusema? Na karibu zote zinataja muziki. Nimechagua barua tano, nikazifupisha, na kuzijibu kadiri nilivyojifunza katika miaka niliyokaa na watoto hao.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa kujitolea Nakivale. Jioni tatu kila juma ninakusanya watoto wapatao 40, wengi wao Wakongomani na Warundi, pamoja na Wasomali wachache. Nilinunua spika ndogo, nikawa ninawapigia nyimbo zinazovuma Kampala ili wachangamke. Wakubwa wanacheza vizuri, lakini wadogo na wale waliofika karibuni wanasimama pembeni wakitazama tu. Nimejaribu kuwashika mikono na kuwaingiza katikati, wanarudi nyuma. Nimekosea wapi?*

Mwalimu, nianze na ulipopatia, kwa sababu ndipo penye uzito zaidi. Jioni tatu kila juma, saa ile ile na mahali pale pale, ni zawadi kubwa kwa mtoto ambaye kila kitu alichokizoea kiliondoka bila kuaga. Hata kama usingekuwa na wimbo wowote, mtoto anayejua kwamba Jumanne utakuwepo ameshaanza kukuamini. Usiikatize ratiba hiyo isipokuwa siku ya mgao wa chakula, ambapo watoto hupanga foleni pamoja na wazazi wao na huwezi kuwadai.

Tatizo nililoliona katika barua yako ni spika. Sina ugomvi na nyimbo za Kampala, lakini spika haimsubiri mtu. Inaendelea iwe mtoto ameingia au hajaingia, amekosea au amepatia, na asiyejua mitindo hiyo hugeuka mtazamaji mara moja. Nyimbo tulizolelewa nazo haziko hivyo. Iwe ni kwa Wabembe wa Fizi, Warundi wa Makamba au Wanyankole wenyeji wa hapo Isingiro, yupo anayetoa sauti na wapo wanaoitikia, na anayetoa sauti hawezi kusonga mbele mpaka aitikiwe. Huko kusubiriana ndiko mtoto wako wa pembeni anakokuhitaji. Basi zima spika kwa mwezi mmoja, na katika mwezi huo wewe, mtu mzima, uwe mwitikiaji. Wengi wetu tunaingia kwa watoto tukiwa na ngoma ya kuwafundisha, ilhali mtoto mkimbizi amekuwa akiambiwa la kufanya tangu alipovuka mpaka: panga foleni hapa, weka kidole gumba hapa, lala hapa. Unapoitikia anachokianzisha yeye, hata kama ni mpigo mmoja wa kiganja, umempa nafasi ambayo hajaipata kwa muda mrefu.

Nakumbuka msichana mmoja wa miaka kama tisa katika kituo cha kuwapokea wakimbizi kilichokuwa karibu na mpaka wa Kongo. Kwa majuma matatu alisimama kando ya nguzo ya hema akiwa amembeba mdogo wake mgongoni, bila kuongea na yeyote kati yetu. Siku moja nilitazama miguu yake badala ya uso. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kikipiga mpigo juu ya mavumbi, lakini haukuwa mpigo wetu: ulikuwa wa polepole, mizito miwili ikifuatwa na mmoja mwepesi. Nikaacha wimbo tuliokuwa tukiimba na kuanza kupiga makofi kwa kufuata kidole kile. Alitazama kwa muda, kisha akasema, “Si hivyo,” akakunja viganja vyake kidogo kama anayekinga maji, akapiga, na sauti ikatoka nzito yenye mwangwi, kama mtwangio unaogonga kinu. Ulikuwa wimbo wa kutwanga sombe, majani ya muhogo. Hayo maneno mawili ndiyo ya kwanza niliyoyasikia kinywani mwake, na alikuwa akinisahihisha. Mtoto mgongoni alikuwa anatikisa kichwa kwa mpigo ule ule, kumbe alishauzoea. Jioni hiyo watoto 20 walijifunza kukunja viganja kutoka kwake.

Kwa hiyo usiwavute mikono. Tazama miguu, vidole na vichwa, kwa maana mtoto anayetazama mara nyingi ameshaanza kucheza mahali ambapo hukutegemea. Panga watoto katika duara pana, na duara hilo liwe na nafasi ya kukaa, ili aliyekaa ahesabiwe kuwa yumo, si kuwa amekataa. Mpe kazi isiyomweka katikati, kama vile kushika fimbo ya anayefuata au kuhesabu mizunguko. Kwa watoto wa lugha mbalimbali, wakiwemo Wasomali wako, mchezo ambao haujaniangusha ni ule wa majina: kila mtoto analitaja jina lake pamoja na kitendo kimoja cha mwili, kuruka, kuzungusha bega au kupiga paja, na duara zima linarudisha jina na kitendo kama alivyovitoa. Hakuna tafsiri inayohitajika. Na mtoto ambaye kwa miezi kadhaa amekuwa namba katika karatasi ya familia anasikia watu 40 wakilitamka jina lake kwa sauti moja, wakijitahidi kulitamka sawasawa.

Kuna jambo moja ninalokusihi. Katika majuma ya kwanza usimwombe mtoto “wimbo wa kwenu”. Kwako ni heshima kwa utamaduni wake, lakini kwake wimbo huo huenda ndio aliokuwa akiimbiwa na mama ambaye hajulikani aliko. Uache uje wenyewe. Na ukija wimbo usioujua maneno yake, waulize watu wazima wawili wa pande tofauti kabla ya kuufundisha kwa wote. Katika makazi yetu wamo watu wa jamii zilizopigana, kama Wahema na Walendu wa Ituri, na wimbo unaosifu mashujaa wa upande mmoja unaweza kuwa ni kilio cha nyumba ya jirani.

Wakishazoeana, waalike pia watoto wa vijiji vya jirani. Wanyankole wanacheza ekitaguriro, mikono ikiwa imeinuliwa juu kama pembe za ng’ombe wao, na nimeona watoto kutoka Masisi huko Kongo, ambako ng’ombe ni uhai, wakiitambua mikono ile kabla hata ya kuelezwa. Walianza kubishana papo hapo kuhusu pembe za ng’ombe wa kwao zilivyokaa. Ubishi wa namna hiyo ni mwanzo mzuri kabisa.

*Sisi ni vijana wa kikundi cha kanisa huko Kyangwali. Tunataka kuanzisha ngoma kwa watoto lakini hatuna chombo hata kimoja na hatuna fedha. Tufanyeje?*

Vijana wangu, anzeni na viganja, miguu na jerikeni. Jerikeni la lita 20 lililopasuka, likiinamishwa na kupigwa kwa kijiti kilichofungwa kichwani kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, hutoa sauti nene inayovumilika masikioni. Mkiwa na majerikeni matatu ya ukubwa tofauti tayari mna ngoma kubwa, ya kati na ndogo. Chukueni yaliyotoboka tu. Mtoto akilileta la nyumbani, na likaharibika, nyumba nzima itakosa chombo cha kutekea maji na yeye ndiye atakayelaumiwa. Vivyo hivyo kayamba za chupa za plastiki: jazeni changarawe, si mahindi wala maharage. Mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni, na haifai mtoto mwenye njaa atikise mkononi kile ambacho kingekuwa chakula cha usiku.

Siku mtakapopata fedha, mafundi wa ngoma wanaofahamika sana wako Mpambire, wilaya ya Mpigi, kando ya barabara ya Kampala kwenda Masaka, ambako ngoma hupangwa hadharani na unaweza kuzijaribu moja moja kabla ya kulipa. Nunueni kubwa moja na ndogo mbili badala ya nyingi dhaifu. Gongeni ukingoni na katikati mzisikilize, na mtazame kama ngozi imewambwa sawasawa pande zote. Wakati wa mvua ngozi hulegea. Iwekeni juani kwa muda kabla ya kupiga. Mkiwapa watoto wenyewe kazi hiyo ya kuianika na kuipindua mtaona wanavyoilinda.

*Mhariri, mimi ni mama mlezi Rwamwanja. Nimemchukua mvulana wa miaka 11 aliyefika peke yake. Anapenda kuimba, lakini ngoma kubwa ilipopigwa ghafula kanisani alijitupa chini ya benchi na kutetemeka. Watoto wengine walicheka. Je, nimkataze kwenda kwenye ngoma?*

Mama, usimkataze, na wala usimlazimishe. Mwili wake ulisikia mlipuko kabla akili haijapata nafasi ya kumwambia kwamba ni ngoma. Hilo si woga wala utovu wa adabu, na waliocheka waambiwe hivyo kwa upole, bila kumtaja yeye wala kusimulia yaliyompata.

Kinachomtisha ni sauti asiyoijua itakuja lini. Ndiyo maana mara nyingi mtoto wa aina hii hutulia anapopewa fimbo mkononi, kwa sababu mlio anaoutoa yeye mwenyewe haumshtui. Lakini fika huko taratibu. Anzeni nyumbani, wewe na yeye, kwa kuguna wimbo midomo ikiwa imefungwa huku kila mmoja amejiwekea kiganja kifuani aisikie sauti inavyotetema ndani. Kisha mpigie mvua kwa vidole juu ya meza: kidole kimoja, viwili, vyote, halafu irudi nyuma mpaka iishe, naye ndiye wa kuamua lini iongezeke na lini ikome. Kanisani zungumza na mpigaji. Aanze kwa kugonga ukingoni polepole kabla ya kuipiga ngoma katikati, na mwanao akae mahali anapouona mlango, ajue anaweza kutoka bila kuomba ruhusa. Likitokea tena, watu wasimzunguke. Kaa chini karibu naye bila kumkumbatia kwa nguvu, umwambie kwa sauti ya kawaida mambo anayoweza kuyathibitisha: uko Rwamwanja, leo ni Jumapili, hii ni miguu yako juu ya sakafu, mimi ni mama yako wa hapa.

Nakuomba pia ujue mipaka ya jambo hili. Ngoma inamfungulia mtoto mlango, lakini haitibu kila kidonda. Akiwa halali kwa usiku mwingi mfululizo, akianza kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, akijiumiza au akisema kwamba anataka kufa, mpeleke kwenye kituo cha afya cha makazi na uombe kuonana na mshauri wa watoto bila kungoja. Na ukigundua kwamba kuna mtu anayemdhulumu, namba 116 ni ya simu ya watoto hapa Uganda na haitozwi malipo.

*Mimi ni Mrundi, baba wa watoto wanne, na nimekaa Nakivale tangu 2015. Nilipokuwa kijana nilipiga ngoma kwetu. Sasa ninawafundisha wavulana hapa. Binti yangu wa miaka 12 anasimama karibu kila siku na anaijua mipigo yote kuliko wao, lakini kwetu mwanamke hapigi ngoma. Mwalimu wake wa shule ananiambia kwamba ninamdhulumu. Sitaki kumvunja moyo mtoto, wala sitaki kuitupa mila ya baba zangu. Nifanyeje?*

Mzee wangu, barua yako imenikalisha siku kadhaa, na sitakujibu kama mtu anayedhani mila ni mzigo wa kutua njiani. Ngoma za kwenu zinachongwa katika mti unaoitwa umuvugangoma, mti unaoipa ngoma sauti. Neno lenyewe ingoma lina maana ya ngoma na ya ufalme kwa pamoja, na Karyenda, ngoma ya kifalme, ilikuwa alama ya mwami, yaani mfalme, mpaka ufalme ulipoondolewa mwaka 1966. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliuandika mchezo huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu wote. Wewe uliyeubeba kichwani kuvuka mipaka, bila ngoma yenyewe, umefanya kazi kubwa, na mwalimu wa shule angepaswa kuanzia hapo.

Ni kweli pia kwamba mwezi wa Oktoba 2017 serikali ya Burundi ilitoa amri inayowazuia wanawake kupiga ngoma hizo. Amri hiyo ni ya huko. Hapa haikufungi kisheria, ingawa najua kwamba kinachokufunga wewe si karatasi ya serikali. Tazama lakini jirani zenu wa Rwanda, ambao ngoma yao ilihusiana na ufalme kama yenu na ambao nao hawakuwaruhusu wanawake kuigusa. Mwaka 2004 kilianzishwa huko Butare kikundi cha wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya, kikiwakusanya wanawake kutoka pande zote za yale yaliyotokea mwaka 1994, wake wa waliofungwa pamoja na wajane. Jina hilo linasema ngoma mpya, na kwa sikio la Kinyarwanda linasema pia enzi mpya. Ngoma ya Rwanda haikufa kwa kupigwa nao.

Maoni yangu ni haya, nawe utayapima pamoja na wazee wenzako. Zipo sehemu za mchezo wenu ambazo mnaweza kuona ni za kifalme na zibaki zilivyo. Lakini mpigo wenyewe, jinsi ngoma za amashakwe zinavyoshikilia mwendo bila kuyumba na zile za ibishikizo zinavyoifuata inkiranya, ngoma iliyo katikati, ni elimu, na elimu hiyo imeshaingia kichwani mwa binti yako bila kukuomba ruhusa. Ukiwa mbali na nchi, na vijana wakihamia Kampala au wakipelekwa nchi za mbali, nakuuliza kwa heshima: ni nani atakayeikumbuka? Unaweza kuanza kwa kumruhusu apige jerikeni nyumbani mkiwa wawili, bila watazamaji, umsikilize kama fundi anavyomsikiliza mwanafunzi. Usimwambie bado kama ataruhusiwa hadharani au la. Msahihishe anapokosea. Nina hakika kwamba kwa umri wake kusahihishwa na baba katika jambo analolipenda ni kitu kikubwa kuliko jukwaa, na jibu la jukwaa utalipata baada ya kumsikia.

*Sisi ni wazazi wa watoto walio katika kikundi cha ngoma kinachosimamiwa na shirika moja katika makazi yetu. Kila mgeni akija, watoto wanaondolewa darasani wacheze, wanapigwa picha, na mwezi uliopita tuliona video yao kwenye simu ikiwa na maneno kwamba wote ni yatima. Wanetu si yatima. Tukilalamika, tunaogopa kikundi kitafungwa.*

Wazazi wenzangu, mna haki ya kukasirika, na woga wenu ninauelewa. Mtoto anayetolewa darasani ili acheze mbele ya mgeni anafanya kazi, na kazi hiyo haina ujira wala hakuulizwa kama anaitaka. Watoto wa namna hii nimewaona wakitabasamu kamera inapoinuliwa na uso ukizimika inaposhushwa. Ngoma iliyokuwa mahali pao pa kupumzika imegeuka foleni nyingine.

Kuhusu picha hizo mna mahali pa kusimamia. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 ya Uganda inamtaka mtu anayekusanya taarifa za mtoto apate kwanza idhini ya mzazi au mlezi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria yenyewe. Na kuandika kwamba mtoto mwenye wazazi ni yatima ni uongo uliowekwa juu ya uso wake, utakaomfuata mpaka atakapokuwa mtu mzima. Andikeni barua moja ya pamoja, kwa adabu na bila matusi, mwombe video ile iondolewe, na nakala mwipeleke kwa kamati ya wakimbizi na kwa afisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia wakimbizi, katika makazi yenu. Barua yenye sahihi za wazazi 15 ni ngumu kuiadhibu kuliko mzazi mmoja aliyesimama mlangoni.

Ombeni pia mambo ambayo shirika linaweza kuyakubali bila kupoteza uso. Maonyesho yasifanyike saa za masomo. Watoto waulizwe siku moja kabla, na anayesema hapana abaki bila kutajwa wala kunyimwa biskuti wanazopewa wenzake. Onyesho la kwanza la kila muhula liwe lenu nyinyi wazazi, jioni, mkiwa mmekaa kwenye mikeka, ili watoto wacheze mbele ya watu wanaoyajua maneno ya nyimbo. Na wageni wakija siku ya mazoezi, waingie katika duara wafundishwe na watoto kupiga makofi kama mtu mwingine yeyote, na simu zao zibaki ndani ya kapu mlangoni mpaka wimbo wa mwisho uishe.